Kukagua bomba la risasi kwenye jengo la zamani, kipande kwa kipande

Risasi ni metali laini yenye sumu, na zamani ilitengenezewa mabomba ya maji ya kunywa. Ukitaka kujua kama jengo lako linayo, swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni la mwaka: jengo limejengwa lini? Si swali baya. Uingereza, nyumba ya kabla ya 1970 hushukiwa moja kwa moja. Marekani mwaka unaotajwa ni 1986, sheria ilipopiga marufuku mabomba ya risasi na lehemu (metali ya kuyeyusha ya kuungia mabomba) yenye risasi kwenye mifumo ya maji ya kunywa. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: sheria yake ilitaka mabomba ya risasi yang'olewe au yatengwe na mfumo kufikia Januari 12, 2026.

Lakini mwaka ni dokezo tu. Nyumba ya miaka ya 1920 inaweza kuwa imefumuliwa mabomba yote mara mbili. Jengo jipya kiasi nalo linaweza kuwa limeunganishwa kwenye bomba lililoachwa ardhini na nyumba iliyobomolewa palepale. Na ukiona bomba la shaba nyekundu chini ya sinki la jikoni, umethibitisha kwamba kuna shaba chini ya sinki la jikoni, basi. Maji hupita njia iliyoungwaungwa, na kila kipande kiliwekwa na fundi wake kwa wakati wake. Usikague jengo, kagua vipande.

Chora njia kabla ya kushika tochi

Chukua karatasi uchore kutoka mtaani kuja ndani. Kwanza bomba kuu la mtaa, ambalo mara chache sana huwa la risasi. Pili kiungio cha bomba kuu: mahali pengi waliweka kipande kifupi cha risasi kilichopindwa, mara nyingi cha sentimita 60 hivi, kwa sababu risasi hupindika kwa mkono na huvumilia ardhi inaposogea. Tatu, bomba la kuingizia maji kutoka hapo hadi kwenye mita. Nne, kutoka mita hadi ukutani. Tano, mabomba ya ndani. Sita, vitu vidogo: valvu, viungio, lehemu, koki.

Kipande cha tatu na cha nne ndivyo vyenye risasi nyingi zaidi ikiwapo, na ndivyo visivyoonekana. Mara nyingi upande mmoja wa mita ni mali ya mamlaka ya maji na mwingine ni wa mwenye nyumba, na pande hizo zilibadilishwa kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo andika upande wa mtaani na upande wa nyumba kwenye mistari miwili tofauti, hata kama unadhani vinafanana.

Kuna kanuni moja inayookoa muda kwenye majengo makubwa: mabomba ya risasi ya kuingizia maji kwa kawaida hayazidi kipenyo cha milimita 50. Jengo la ghorofa nyingi linalolishwa na bomba la milimita 80 au 100 karibu kila mara halina risasi kwenye bomba hilo. Hapo shughuli yako inahamia kwenye lehemu na brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) za ndani. Nyumba ya familia moja, duka dogo au fleti nne zinazotumia bomba moja jembamba ndizo za kuangalia kwa makini.

Nyaraka nazo zisaidie: kibali cha ujenzi, kadi ya maunganisho ya maji, risiti za ukarabati. Kadi ikisema bomba lilibadilishwa, soma ni urefu gani na kutoka wapi hadi wapi. "Limebadilishwa" mara nyingi maana yake ni mita mbili zilizokuwa zikivuja.

Kulitambua kwa macho na mikono

Unahitaji tochi, sumaku ndogo, sarafu au ufunguo, kitambaa kilicholowa maji, glavu za mpira na simu ya kupigia picha. Usilete brashi ya waya wala msasa. Kusugua risasi hutoa vumbi, na vumbi hilo ni hatari haraka kuliko maji yenyewe.

Tafuta mahali bomba linapoingilia: chumba cha chini ya jengo, chini ya ngazi, nyuma ya makabati ya jikoni, au kwenye kisanduku cha mita. Kwa kawaida utaona nusu mita tu, kutoka sakafuni hadi valvu kuu. Hiyo nusu mita itazame vizuri.

Bomba la risasi lina rangi ya kijivu iliyofifia, halina kutu ya kahawia wala ukungu wa kijani. Halinyooki, fundi alilipinda kwa mkono kulingana na kona za ukuta, kwa hiyo huoni elbo, yaani viungio vya kona, bali mikunjo mipana isiyo sawa. Ushahidi mkubwa kuliko yote ni viungo. Zamani walimimina lehemu ya moto juu ya kiungo wakaifuta kwa kitambaa kinene hadi ikaacha nundu laini, na bomba likabaki kama nyoka aliyemeza yai. Nundu ya namna hiyo kabla tu ya valvu kuu inatosha kukufanya uite fundi, hata kabla ya kukwaruza.

Kisha sumaku. Ikinasa, ni chuma, mara nyingi kile kilichopakwa zinki ambacho mafundi hukiita GI; ncha zake zina hesi na viungio vyake ni soketi na tii nene. Isiponasa, bado hujafika, kwa sababu sumaku hainasi shaba, plastiki, wala aina nyingi za chuma cha pua.

Ndipo unakwaruza. Vaa glavu, lowesha mahali hapo kidogo, tumia ukingo wa sarafu kukwaruza alama ya urefu wa sentimita moja. Huhitaji nguvu: risasi ni laini kiasi kwamba hata ukucha mgumu huacha alama. Chini ya ukijivu utaona fedha inayong'aa sana, ambayo hufifia tena baada ya siku chache. Shaba itakuonyesha wekundu. Chuma kitakuwa kigumu na ukijivu wake hautabadilika sana. Plastiki itachubuka bila mng'ao wowote. Futa unga kwa kitambaa kilicholowa, kitupe, nawa mikono. Piga picha mbili: moja ya karibu, nyingine ya mbali ionyeshe kipande hicho kiko wapi.

Gonga kidogo pia. Risasi hutoa mlio mzito uliozibwa, shaba na chuma hulia. Hiki ni kipimo cha kuongezea tu, maana bomba lililojaa maji na kubanwa ukutani hulia hovyo vyovyote liwavyo.

Yanayowachanganya watu ni haya. Bomba lililopakwa rangi: kwaruza upenye rangi kwanza, ukikumbuka kwamba rangi za zamani nazo huwa na risasi, hivyo loweka vizuri. Bomba la plastiki la kijivu: kwa macho tu hufanana sana na risasi gizani. Bomba la gesi la risasi, ambalo bado lipo kwenye nyumba kongwe: lifuatilie hadi mwisho kabla ya kuligusa. Na bomba la risasi la maji machafu chini ya bafu, ambalo halihusiani na maji ya kunywa hata kidogo.

GI, lehemu na brasi

Bomba la GI linastahili tahadhari ambayo wengi huipuuza. Ikiwa lilikuwa linapokea maji yaliyopita kwenye bomba la risasi kwa miaka mingi, kutu ya ndani yake imekusanya risasi na kuifungia. Unang'oa bomba la risasi la nje, unashangilia, halafu kutu inabanduka vipande vipande na kuendelea kutoa risasi koki kwa koki. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinalihesabu bomba la GI lililowahi kuwa nyuma ya bomba la risasi kuwa ni la kubadilishwa.

Lehemu ya zamani ya mabomba ya shaba mara nyingi ilikuwa nusu risasi, nusu bati. Eneo linaloguswa na maji ni dogo, ila fundi aliyezembea huacha matone ndani ya kiungo, na matone hayo hukatika. Brasi nayo: Marekani, hadi mwisho wa 2013, koki yenye risasi hadi asilimia 8 iliweza kuuzwa kihalali kama "isiyo na risasi"; tangu Januari 2014 kiwango ni asilimia 0.25 kwa wastani wa sehemu zinazogusa maji. Kwa hiyo maandishi ya kwenye koki ya zamani yasikuridhishe. PVC pia si takatifu: nchi nyingi viwanda vilitumia misombo ya risasi kuifanya istahimili joto, na bomba kama hilo hutoa zaidi linapokuwa jipya.

Kupima maji: chupa moja haitoshi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mtu anajaza chupa moja asubuhi, maabara inaandika risasi kidogo, na jengo linatangazwa salama. Tatizo ni kwamba chupa hiyo imebeba maji ya kipande kimoja tu cha njia.

Piga hesabu ya maji yaliyolala ndani ya bomba. Chukua kipenyo cha ndani kwa sentimita, gawa kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu wa bomba kwa sentimita. Ukigawa kwa 1,000 unapata lita. Tuseme kutoka koki ya jikoni hadi ukutani kuna mita 10 za shaba yenye kipenyo cha ndani cha milimita 13.6. Kila mita inabeba lita 0.145, jumla lita 1.45. Baada ya ukuta kuna mita 8 za risasi kuelekea mtaani, kipenyo cha ndani milimita 19. Kila mita inabeba kama lita 0.284, jumla lita 2.27.

Sasa jaza chupa za lita moja moja bila kufunga koki. Ya kwanza ni maji ya shaba matupu. Ya pili, zaidi kidogo ya nusu yake ilikuwa imelala kwenye risasi. Ya tatu yote ni ya risasi. Ya nne, karibu robo tatu. Ya tano ni maji ya mtaani. Aliyepima chupa ya kwanza peke yake hakulipima bomba la risasi kabisa. Kanuni mpya za Marekani zinataja lita ya tano kwa nyumba zenye bomba la risasi, na kwa nyumba zenye bomba refu ni sawa, ila katika nyumba hii ya mfano lita ya tano ingekosa pia. Sipendi kuiga namba ya chupa ya mtu mwingine. Pima urefu wako, au jaza chupa kumi mfululizo na kuzipeleka zote kama mfuko unaruhusu.

Masharti ya kujaza ni machache lakini hayana mjadala. Maji yalale angalau saa 6. Kulala maana yake hakuna koki yoyote iliyofunguliwa, hakuna mashine ya kufulia, na hakuna aliyevuta choo: tangi la choo la lita 6 likijaa, maji yote yaliyolala kwenye bomba la risasi la mfano wetu yameshaondoka na mapya kuingia. Tumia koki ya maji baridi unayotumia kunywa. Usifungue kichujio kidogo cha mdomoni mwa koki, wala usikisafishe usiku wa kuamkia kipimo. Usiache maji yatiririke kwa muda mrefu jioni ili "kusafisha bomba", maana hapo unapima usafi wako wa jana. Chupa iwe na mdomo mpana, na koki ifunguliwe kama kawaida ya kujaza sufuria. Mtiririko mwembamba hauziamshi chembe za risasi zilizotulia ndani. Andika namba kwenye chupa kabla ya kuanza, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana.

Maabara iulizwe mambo mawili: kama inapima risasi yote, pamoja na chembe, baada ya kuitia sampuli asidi, na kama inaweza kusoma hadi mikrogramu 1 kwa lita. Vile vipande vya kuchovya vinavyobadilika rangi siviamini kwa kazi hii. Vingi haviuoni mkusanyiko mdogo, na chembe ambazo hazijayeyuka havizioni kabisa.

Majibu yakirudi, soma mpangilio kabla ya ukubwa. Chupa ya kwanza ikiwa juu na zilizobaki chini, tatizo ni koki au viungio vilivyo karibu nayo. Za katikati zikipanda kisha kushuka, umelipata bomba, na kwa hesabu ile ile unaweza kusema liko umbali gani. Chupa moja ikiruka juu peke yake bila mpangilio, hiyo ni chembe: rudia kipimo, na baada ya hapo fungua kichujio cha koki uone kama kuna vumbi la kijivu au vipande vya lehemu.

Kuhusu viwango: Shirika la Afya Duniani linataja mikrogramu 10 kwa lita, Uingereza pia 10, Kanada 5, na Umoja wa Ulaya utashuka kutoka 10 hadi 5 mwezi Januari 2036. Namba 15 ya Marekani, ambayo kanuni ya 2024 inaishusha hadi 10, ni kiwango cha kuisukuma mamlaka ya maji ichukue hatua kwa mji mzima. Si mstari wa usalama wa koki yako. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, na mtoto anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko mtu mzima yeyote nyumbani.

Na kipimo kizuri cha leo hakilindi kesho. Bomba la risasi likitulia hujijengea utando ndani, na utando huo hutegemea kemia ya maji. Flint, Michigan, walibadilisha chanzo cha maji Aprili 2014 bila kuweka dawa ya kuzuia ulikaji, utando ukaachia. Washington DC waliona risasi ikipanda baada ya dawa ya kuua vijidudu kubadilishwa kutoka klorini kwenda kloramini. Hata kuchimba barabara mbele ya nyumba au kubadilisha mita hutikisa bomba vya kutosha kuangusha chembe kwa wiki kadhaa.

Ukilipata

Kabla fundi hajafika, maji ya kunywa na kupikia yapite kwenye chujio lililothibitishwa kwa risasi: kwenye kasha tafuta NSF/ANSI 53 na neno linalotaja risasi, kwa sababu kiwango hicho hicho hutumika kwa uchafu mwingine. Mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando wenye matundu madogo mno, nao unafaa. Badilisha sehemu ya ndani ya chujio kwa tarehe au lita zilizoandikwa, si kwa ladha. Kuchemsha hakuondoi risasi. Maji yanapungua na risasi inabaki. Maji ya moto ya koki yasinywewe wala kupikiwa, huyeyusha risasi zaidi. Kumwaga maji ya asubuhi husaidia ukijua kiasi: katika mfano wetu kuna lita 3.72, uzidishe mara tatu kwa kuwa maji huchanganyika, ni kama lita 11, yaani dakika mbili kwa koki inayotoa lita 6 kwa dakika. Dhidi ya chembe, kumwaga huko hakuna uhakika.

Kubadilisha ni bora kufanyike kutoka bomba kuu hadi ndani kwa mara moja. Kukata nusu na kuunga shaba kwenye risasi iliyobaki ni kazi ninayoipinga waziwazi: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, risasi hulika haraka zaidi, na msumeno umeshatikisa utando wote. Risasi kwenye maji inaweza kupanda juu ya ilivyokuwa na kukaa hivyo kwa miezi. Ikibidi kuunga kwa dharura, tumia kiungio cha plastiki kinachotenganisha metali hizo, na chujio liendelee kutumika.

Jambo moja mafundi bomba husahau. Katika majengo mengi ya zamani waya wa athi wa umeme, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, umefungwa kwenye bomba la maji la metali. Ukilikata au kuweka plastiki, jengo linabaki bila athi, na anayeshika ncha mbili za bomba lililokatwa anaweza kupigwa na umeme. Tafuta kibano chenye waya wa kijani, au wa kijani na njano, au waya mtupu wa shaba, karibu na mita. Fundi umeme aweke athi ya kujitegemea kwanza, bomba baadaye.

Bomba jipya likishaungwa, ondoa vichujio vya koki zote. Fungua koki za maji baridi kikamilifu ukianzia ghorofa ya chini kwenda juu, ziache zitiririke zote angalau dakika 30, kisha zifunge ukianzia juu. Safisha vichujio, virudishe. Endelea na chujio la kunywea kwa miezi 6, na kati ya mwezi wa tatu na wa sita peleka sampuli tena kwa chupa zile zile na masharti yale yale. Bomba la zamani mara nyingi huachwa ardhini; lizibwe ncha zote mbili, na kwenye mchoro wako wa kwanza andika lilipo na tarehe lilipokatwa, atakayechimba miaka ijayo asije akaliunga tena.